Jina la faili ni amana: tusome kabla ya kubadili mia tatu kwa mpigo

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kutuona tukizungumzia malezi, matumizi ya nyumba na mambo yanayowapata wazazi na watoto wao. Juma hili tunaomba ruhusa ya kuzungumzia jambo linaloonekana dogo na la kiofisi, nalo ni namna ya kubadili majina ya mafaili mengi ya kompyuta kwa mara moja. Tumelichagua kwa sababu liliingia nyumbani kwetu likagusa mirathi, na waliokosea tulikuwa sisi wenyewe.

Marehemu baba yetu, Allah amrehemu, alikuwa akisomesha tafsiri ya Qur'an kila jioni barazani kwake. Katika miaka ya mwisho ya uhai wake mjukuu mmoja alimfundisha kurekodi kwa simu, na tangu hapo kila darsa ikahifadhiwa kwenye kadi. Simu ile ilipoharibika, fundi aliitoa kadi akatunakilia vyote vilivyokuwamo kwenye kompyuta, nasi tukahesabu rekodi 287. Kila rekodi ilikuwa na jina refu la tarakimu tupu, kwa mfano 20150214_172015. Jina la namna hiyo halipendezi machoni, lakini habari zake zimetimia: mwaka 2015, mwezi wa pili, tarehe 14, saa kumi na moja na dakika ishirini za jioni. Sisi hatukuisoma habari hiyo. Tuliona uchafu unaohitaji kusafishwa.

Siku moja baada ya msiba tulikaa kuyatengeneza mafaili yale. Tuliyapanga kwanza kwa ukubwa, ili tuone zipi ni rekodi tupu zilizobonyezwa kwa bahati mbaya. Kisha, tukiwa bado katika mpangilio huo, tuliyachagua yote, tukabonyeza kitufe cha F2, tukaandika "Darsa ya Baba", tukabonyeza Enter. Kufumba na kufumbua, mafaili yote 287 yalikuwa na jina jipya: Darsa ya Baba (1), Darsa ya Baba (2), mpaka (287). Tulifurahi sana. Tukazima kompyuta tukaenda kulala.

Miezi mitatu baadaye, baada ya swala ya Isha, alitujia mzee jirani aliyekuwa rafiki wa marehemu. Alikaa kimya kitambo kirefu kabla ya kusema. "Wanangu, sikuja kudai, nimekuja kukumbusha. Baba yenu alichukua bati kwangu alipoezeka banda la madrasa. Nyingine alilipa, nyingine zilibaki. Hesabu yake sikuiandika, kwani baina yangu na yeye hapakuhitaji kalamu. Ila yeye mwenyewe alilitaja deni hilo kwenye darsa, mwezi wa Ramadhani, mwaka wa mvua nyingi, nami nilikuwapo."

Wasomaji wetu wanafahamu kwamba mali ya marehemu haigawanywi kabla ya madeni yake kulipwa. Tulikuwa tayari kulipa usiku ule ule. Lakini tulipe bati ngapi? Mzee hakukumbuka, na hakutaka kukisia. Nasi hatukuwa na ruhusa ya kukisia, maana miongoni mwa warithi alikuwamo mdogo wetu ambaye hajabaleghe, na fungu lake halikuwa letu kulipunguza kwa kudhani. Jibu lilikuwa ndani ya kompyuta, katika sauti ya marehemu mwenyewe. Tatizo ni kwamba hatukujua liko katika faili lipi kati ya yale 287.

Hapo ndipo tulipotambua tulichokifanya. Tarehe zilikuwa katika majina, na majina tumeyafuta. Namba tulizoziweka hazikufuata siku, kwa kuwa zilifuata ukubwa wa mafaili. Hata ile tarehe ambayo kompyuta huonyesha pembeni ya kila faili haikutufaa, kwani katika mafaili yote ilikuwa siku moja tu, siku ile fundi alipoyanakili. Jina lilikuwa shahidi pekee, nasi tulimnyamazisha kwa sekunde mbili.

Aliyetufungulia njia ni mama yetu. Alisema, "Ramadhani ile baba yenu alikuwa ameshaingia Suratun-Nisaa. Nakumbuka kwa kuwa sisi wanawake tulikuwa jikoni tunapika futari, dirisha liko wazi, tunasikia mafungu ya mirathi yakitajwa." Basi tukaanza kusikiliza mwanzo wa kila rekodi ili tujue ni ya sura gani. Kazi hiyo ilichukua usiku kumi na tisa. Katika rekodi iliyoitwa Darsa ya Baba (143) tulimsikia akiifasiri aya ya 11, inayotanguliza wasia na deni kabla ya mgawo, kisha akajitolea mfano yeye mwenyewe: kwamba amechukua bati kumi na nane kwa jirani yake, amekwisha kulipa sita, na waliohudhuria wawe mashahidi. Zilibaki kumi na mbili. Tukalipa, mzee akapokea huku akilia, nasi tukilia.

Ramadhani hiyo, ya mwaka 1437, iliangukia mwezi wa Juni 2016 mpaka mwanzoni mwa Julai. Lau majina ya zamani yangebaki, tungefungua rekodi zisizozidi thelathini na kazi ingekwisha kwa usiku mmoja au mbili. Tumeyaeleza haya ili kila mwenye picha, rekodi na hati za wazee wake afahamu kwamba kompyuta hubadili majina elfu moja kwa wepesi ule ule inaobadili moja, na haijui jina lilikuwa limebeba nini. Kujua hilo ni juu yetu, na ni lazima tulijue kabla ya kubonyeza kitufe.

Mashine huandika majina namna gani

Tuanze na picha, maana ndizo zilizojaa majumbani. Kamera nyingi za kidijitali hufuata kanuni iitwayo DCF, iliyotungwa Japani mwaka 1998. Kanuni hiyo inaipa kila picha jina la herufi nne na tarakimu nne, kama DSC_0412 au IMG_0412. Jumla ni alama nane, kwa kuwa kompyuta za zamani za MS-DOS hazikukubali jina refu zaidi ya hapo. Ni Windows 95, iliyotoka mwaka 1995, iliyowazoesha watumiaji wengi wa kompyuta za nyumbani majina marefu. Kamera zilibaki na desturi ya kale.

Tarakimu nne huishia 9999. Ikifika hapo, kamera hurudi 0001. Kwa hiyo mwenye kamera moja kwa miaka mingi atakuwa na picha mbili tofauti zenye jina moja. Na katika harusi moja iliyopigwa na wapiga picha wawili wenye kamera za aina moja, majina yatagongana siku hiyo hiyo. Ukizitia picha hizo katika folda moja, kompyuta itakuuliza kama unataka iliyomo ifutwe na mpya ichukue nafasi yake. Mtu mwenye haraka hujibu ndiyo, na picha ya bibi harusi akiagana na mama yake hupotea.

Wanazuoni wa hadithi walilijua tatizo hili karne nyingi kabla ya kompyuta. Wapokezi wawili waliweza kuwa na jina moja na jina la baba moja, na mmoja wao akawa mwaminifu, mwingine dhaifu. Al-Khatib al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 463 Hijria, sawa na 1071, aliandika kitabu kizima, Al-Muttafiq wal-Muftariq, juu ya wapokezi walioshirikiana majina ilhali ni watu mbalimbali. Dawa yao ilikuwa kuongeza habari: kunya yake, mji wake, walimu wake, zama zake. Dawa ya mafaili ni hiyo hiyo.

Picha zinazopitia WhatsApp katika simu za Android zina desturi nyingine. Huitwa, kwa mfano, IMG-20190604-WA0012. Tarehe iliyo katika jina ni ya siku picha ilipopita katika simu yako, wala si lazima iwe siku ilipopigwa. Picha ya babu ya mwaka 1974 iliyotumwa jana itaandikwa tarehe ya jana. Isitoshe, habari ambazo kamera huziweka ndani ya picha, kama siku na saa ya kupigwa, huondolewa njiani. Kwa hiyo mwenye picha ya asili aitunze ya asili, na anayepokea asidhani kuwa jina limemwambia kila kitu.

Jina jema lina nini ndani yake

Sisi sasa tunafuata utaratibu wa mambo manne: lini, nini, wapi, na namba. Mfano wake ni huu: 2018-12-22_harusi_tanga_001. Kila sehemu ina sababu yake.

Tarehe hutangulia, na ndani ya tarehe mwaka hutangulia mwezi, na mwezi hutangulia siku. Huo ndio mpangilio wa kanuni ya kimataifa ya ISO 8601, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1988. Ukiandika siku kwanza, kama tuandikavyo katika barua zetu, kompyuta itaweka pamoja tarehe 22 za miezi yote na miaka yote. Ukianza na mwaka, mpangilio wa majina unakuwa ndio mpangilio wa matukio. Wala usitumie mkwaju, yaani ile alama ya /, kutenganisha siku na mwezi. Windows huikataa katika jina la faili, pamoja na nukta pacha, nyota, alama ya kuuliza, alama za kunukuu na nyingine chache. Tumia kistari.

Je, tarehe ya Hijria? Kwa darsa na matukio ya ibada ina faida kubwa, nayo hupangika vyema kwa namna ile ile: 1437-09 ni Ramadhani ya mwaka 1437. Lakini kwa kuwa kuandama kwa mwezi huweza kutofautiana baina ya mji na mji, tunashauri tarehe ya miladi iwe ndiyo ya mwanzo wa jina, na mwezi wa Hijria ufuate kama maelezo.

Namba nazo ziandikwe kwa sifuri za mbele. Wengi wetu tuna flashi yenye visomo vya sura 114. Majina yakiandikwa 1, 2, 3 mpaka 114, kompyuta ya nyumbani huenda ikayapanga sawasawa, lakini baadhi ya redio za gari hupanga kwa kutazama tarakimu moja moja kuanzia kushoto. Hapo baada ya Al-Faatiha, ambayo ni 1, itafuata Yunus, ambayo ni 10, kisha Al-Aadiyaat, ambayo ni 100, na Al-Baqara itasubiri nyuma ya foleni. Ukiandika 001, 002, 003 mpaka 114, msahafu unarudi katika mpangilio wake kila mahali. Ndiyo maana baadhi ya mikusanyo ya visomo vya aya moja moja hutumia tarakimu sita: tatu za sura na tatu za aya. Faili liitwalo 002286 ni aya ya mwisho ya Al-Baqara, na mtu huijua kabla ya kuifungua. Kabla ya kutoa namba, basi, hesabu mafaili yako: yakiwa chini ya mia, tarakimu mbili zinatosha, yakifika mamia, weka tatu, yakifika maelfu, nne.

Lugha ya majina iwe fupi na moja. Ukichagua "harusi", usiandike mara nyingine "ndoa" na mara nyingine "arusi", kwa sababu utakapotafuta neno moja hutapata mengine. Andika kwa herufi ndogo zote, maana Windows haitofautishi herufi kubwa na ndogo katika majina, ilhali mifumo ya Linux huyaona kuwa majina mawili. Wala usiweke siri katika jina. Hati ya hospitali yatosha kuitwa "hati_matibabu". Jina la ugonjwa wa mzazi lisisomwe na kila aazimaye kompyuta.

Na usichokijua, usikitunge. Rekodi ambazo siku yake haikupatikana tumeziandika "tarehe-haijulikani". Kuweka tarehe ya kubuni ili jina lipendeze ni kumdanganya mjukuu ambaye atakuja kuisoma baada ya sisi kuondoka.

Hatua za kazi

Hatua ya kwanza ni nakala. Chukua flashi au diski ya nje, nakili folda nzima kama ilivyo, kisha ichomoe na uiweke kabatini. Tunasisitiza kuichomoa. Hifadhi za intaneti zinazofuatana na kompyuta yako hubadili majina kila unapoyabadili, kwa hiyo haziwi akiba dhidi ya kosa hili. Lau tungekuwa na flashi moja kabatini, tusingekesha usiku kumi na tisa.

Hatua ya pili ni kugawa. Usichukue mafaili yote ya nyumba kwa mara moja. Weka picha za harusi katika folda yake, hati za kiwanja katika yake, darsa katika yake. Na usiguse kabisa folda za programu zenyewe, kwani programu hutafuta mafaili yake kwa majina, na ikiyakosa haifanyi kazi.

Hatua ya tatu ni mpangilio. Katika Windows, unapochagua mafaili mengi na kubonyeza F2, namba hutolewa kwa kufuata mpangilio ulio mbele ya macho yako. Kwa hiyo panga kwanza kwa jina au kwa tarehe, uhakikishe kuwa ndio mpangilio unaoutaka, bofya faili la kwanza, kisha bonyeza Ctrl pamoja na A ili kuyachagua yote, halafu F2. Njia hii ni nyepesi, lakini ina kasoro mbili: hufuta jina la zamani lote, na namba zake hazina sifuri za mbele. Inafaa kwa picha ambazo majina yake hayakubeba kitu. Kwa mafaili yenye tarehe ndani ya jina haifai.

Kwa hayo ya pili tunahitaji zana inayobadili sehemu ya jina na kuacha nyingine. Katika Windows kuna PowerRename, iliyomo katika mkusanyiko wa PowerToys unaotolewa bure na Microsoft. Unaiambia itafute "IMG_" na kuweka "harusi_tanga_" mahali pake, namba zikabaki. Uzuri wake ni kwamba huonyesha majina ya zamani upande mmoja na mapya upande wa pili kabla ya kubadili chochote. Huweza pia kuelekezwa kwa ruwaza: tarakimu nne za mwanzo ni mwaka, mbili zifuatazo ni mwezi, mbili nyingine ni siku, weka kistari baina yake. Kwa maelekezo hayo 20150214_172015 huwa 2015-02-14_172015, na hakuna habari iliyopotea. Wenye kompyuta za Mac wanayo zana hii ndani ya Finder tangu mwaka 2014: chagua mafaili, bofya kitufe cha kulia, chagua kubadili jina, utapewa njia za kubadilisha neno, kuongeza neno au kutoa namba. Watumiaji wa Linux wenye Thunar nao wana dirisha la kazi hiyo.

Kwa picha zilizopigwa kwa kamera na hazijapitia njia ya kuondoa habari, programu ya bure iitwayo ExifTool, iliyoandikwa na Phil Harvey, husoma siku ya kupigwa iliyomo ndani ya picha na kuifanya sehemu ya jina. Ila angalia kwanza kama saa ya kamera ilikuwa sahihi, maana kamera haijui kama saa yake inadanganya.

Na yako mafaili ambayo hakuna zana inayoweza kuyapa majina, kwa sababu kila moja lina jambo lake: risiti, hati, barua za zamani zilizopigwa skani. Hapa tumia jedwali. Safu ya kwanza andika majina ya zamani, safu ya pili andika mapya, mtu mmoja akitazama faili na mwingine akiandika. Orodha ya majina ya zamani huhitaji kuinakili kwa mkono. Katika dirisha la amri la Windows, ukiwa ndani ya folda husika, amri ya dir /b > orodha.txt huiandika yote. Jedwali likikamilika, huweza kuunganisha safu hizo mbili kuwa amri za ren, moja kwa kila faili, na kompyuta ikazitekeleza zote kwa pamoja. Kijana yeyote wa nyumbani aliyesoma kompyuta kidogo ataiweza kazi hiyo. Kubwa zaidi ni kuwa jedwali lenyewe hubaki kama daftari: leo na miaka ishirini ijayo utajua kila faili liliitwa nani kabla.

Hatua ya nne ni kujaribu. Chukua mafaili matano, yabadili, yafungue, uyatazame. Ukiridhika, endelea na yote. Ukikosea, Ctrl pamoja na Z hurudisha majina ya zamani katika Windows, mradi uifanye papo hapo. Ukishazima kompyuta, mlango huo umefungwa. Jihadhari pia na herufi za mwisho baada ya nukta, kama jpg au mp3. Hizo huiambia kompyuta faili ni la aina gani. Kuzibadili hakubadili kilichomo ndani, huichanganya kompyuta tu ikashindwa kulifungua.

Kazi ya mashine na kazi ya mzazi

Baada ya deni kulipwa, tulirudi kwa rekodi za baba. Mara hii hatukuwa na haraka. Kila Alhamisi usiku mama yetu hukaa kitini, mjukuu yule yule aliyemfundisha babu yake kurekodi hukaa mbele ya kompyuta, na rekodi moja hufunguliwa. Mama husikiliza kidogo, kisha husema: hii ni mwaka tuliopopata mgeni kutoka Pemba, msikie anavyouliza, hii ni kabla shangazi yenu hajafariki, hicho kikohozi ni chake. Mjukuu huandika katika jedwali. Jina la rekodi tuliyoitafuta sasa ni 004-011_darsa_baba_1437-09. Tumetanguliza sura na aya kwa kuwa ndiyo habari tuliyo na hakika nayo, na siku yenyewe tumeiacha.

Tumeona kuwa kazi ya majina ina nusu mbili. Nusu moja ni ya mashine, nayo huimaliza kwa sekunde. Nusu nyingine imo vifuani mwa wazee wetu, na haina nakala kabatini. Nani yule amesimama nyuma ya bibi katika picha? Hati hii ni ya shamba lipi? Sauti hii ni ya nani? Maswali haya leo yana wa kuyajibu.

Basi tunawausia wasomaji wetu wafanye jambo moja kabla ya Ijumaa ijayo. Wachague folda moja tu, wainakili kwenye flashi na kuiweka kabatini, kisha wamkalishe mzazi mbele ya picha kumi na kuandika anachokisema. Kubadili majina kutafuata, nako ni kwepesi. Sisi tumebakiwa na rekodi 61 ambazo mama bado hajazisikiliza, na juzi alituuliza mbona Alhamisi hii tumechelewa kuwasha kompyuta.

Tukutane juma lijalo, inshaallah. Wabillahi tawfiq.